Kiboko wa Cambridge na mawe yenye lebo

IWAPO mtu angekuambia kwamba viboko waliwahi kupiga mbizi katika mito ya Uingereza huku simba na fisi wakiwinda ukingoni, pengine ungemdhania anatunga ngano. Hata hivyo, kiunzi cha kiboko kimesimama hadi leo ndani ya jumba moja la chuo kikuu mjini Cambridge. Si sanamu, wala si mabaki ya mnyama aliyesafirishwa kwa meli kutoka Afrika. Ni mifupa iliyofukuliwa papo hapo, katika kijiji cha Barrington kilicho kilomita chache kusini-magharibi mwa mji huo, nayo inakadiriwa kuwa na umri wa miaka 125,000 hivi.

Jumba linaloihifadhi ni Makavazi ya Sedgwick, yaliyo chini ya idara ya sayansi za ardhi ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Yako katika barabara ya Downing, katikati ya mji, na yana vielelezo vya mawe, madini na visukuku vinavyokaribia milioni 2. Visukuku, kwa msomaji ambaye hajakutana na neno hilo, ni mabaki au alama za viumbe wa kale zilizohifadhiwa ndani ya miamba. Kuingia humo ni bure.

Wakenya wengi wanaozuru Uingereza, wakipata wasaa, huelekezwa London kwenye makavazi makubwa ya kitaifa. Ni wachache wanaokumbuka kwamba vyuo vikuu vya nchi hiyo navyo vina makavazi yao, na kwamba milango yake iko wazi kwa umma. Kwa maoni yangu, hapo wanapunjika. Katika makavazi ya chuo kikuu, mkusanyo uleule unaotazamwa na watoto wa shule ndio unaopekuliwa na watafiti, na mgeni anaweza kuona elimu ikiwa bado jikoni.

Swali ambalo mgeni anafaa kuingia nalo ni hili: Watu hawa wanajuaje? Wanajuaje kwamba kiboko yule ana miaka 125,000 na wala si 5,000? Jibu halimo katika mifupa pekee. Limo pia katika kijikaratasi kinachoambatana na kila kielelezo, yaani lebo, kinachoeleza kitu hicho kilipatikana wapi, lini, na nani, na katika tabaka lipi la ardhi. Jiwe lililopoteza lebo yake huwa bubu. Laweza kupendeza macho, lakini halina tena la kumweleza mtafiti isipokuwa yale machache yanayoonekana kwa kulitazama.

Wosia wa daktari

Historia ya makavazi haya inaanzia kwa daktari mmoja wa London, John Woodward, aliyezaliwa mwaka 1665. Kazi yake ilikuwa kutibu wagonjwa, lakini mapenzi yake yalikuwa katika mawe. Kwa zaidi ya miaka 30 alikusanya vielelezo karibu 10,000, vingine akiletewa kutoka ng'ambo. Mwaka 1696 alichapisha mwongozo mfupi wa kuwaelekeza wasafiri namna ya kukusanya vitu vya maumbile popote watakapofika duniani, na jinsi ya kuweka kumbukumbu za mahali kila kitu kilipopatikana.

Woodward aliamini kwamba kombe na mifupa ya samaki inayopatikana milimani iliachwa huko na Gharika ya Nuhu. Leo hakuna mwanajiolojia anayeshikilia maelezo hayo. Ajabu ni kwamba mkusanyo wake haukuanguka pamoja na nadharia yake. Kwa kuwa alikuwa mwangalifu katika kuorodhesha, mtu wa leo anaweza kufungua makabati yake ya mbao, ambayo bado yamo jumbani humo, akachukua kombe fulani, akasoma lilitoka wapi, na akatoa maelezo tofauti kabisa na yale ya mwenyewe.

Alipofariki mwaka 1728, Woodward alikiachia chuo hicho sehemu ya mkusanyo wake, nacho chuo kikanunua sehemu iliyosalia. Aliacha pia fedha za kumlipa mhadhiri. Masharti ya wosia huo yalikuwa ya ajabu kidogo. Mhadhiri alitakiwa awe kapera, maana marehemu alihofia kwamba mke angemwondolea mawazo kwenye masomo. (Sharti hilo lilikwisha kuondolewa zamani, na bila shaka wahadhiri walishukuru.) Lakini kulikuwa na sharti jingine lenye uzito zaidi: siku tatu kila juma, mhadhiri awepo katika chumba cha mkusanyo, asubuhi na alasiri, awaonyeshe vielelezo bila malipo watu wote wenye hamu ya kuvitazama.

Katika karne ya 18 elimu ya chuo ilikuwa ya wanaume wachache wenye jina au mali. Mtu kuandika katika wosia kwamba mwalimu wa chuo akae na mawe yake akimngojea yeyote atakayebisha hodi, tena asitoze hata peni, ni jambo ambalo halikutarajiwa. Programu za elimu za makavazi haya, ambazo leo zina wafanyakazi wake na ratiba yake, zina mzizi wake katika sharti hilo.

Mwalimu aliyekataa hoja ya mwanafunzi wake

Jina la jumba linatokana na Adam Sedgwick, mwana wa kasisi kutoka kijiji cha Dent, kaskazini mwa Uingereza. Alishika kiti cha Woodward mwaka 1818 akiwa na ujuzi mdogo wa jiolojia, akakikalia hadi alipofariki mwaka 1873 akiwa na umri wa miaka 87, na kapera vilevile. Ndiye aliyeipa jina enzi ya Kambria, iliyoanza takriban miaka milioni 540 iliyopita, jina ambalo leo linatajwa katika vitabu vya jiolojia kote duniani. Baada ya kifo chake zilichangwa fedha za kujenga makavazi kwa ukumbusho wake, na jengo la sasa likafunguliwa na Mfalme Edward wa Saba mnamo Machi 1, 1904.

Sedgwick alijaza makabati. Miongoni mwa aliowanunulia visukuku alikuwamo Mary Anning, mwanamke wa familia fukara katika mji wa pwani wa Lyme Regis, aliyejifundisha mwenyewe kufukua mabaki ya iktiosauri, yaani wanyama watambaazi wa baharini waliokuwa na umbo kama la pomboo. Chama cha wanajiolojia cha London hakikuwa kikiwapokea wanawake, na wanaume walioandika kuhusu visukuku alivyovipata mara nyingi hawakumtaja. Anning alifariki mwaka 1847. Leo mgeni akisimama mbele ya iktiosauri wake, hukuta jina lake hapo. Msomaji wa Kenya hatakosa kumkumbuka hapa marehemu Kamoya Kimeu, ambaye jicho lake ndilo lililoona, mwaka 1984 huko Nariokotome, kipande cha kwanza cha mifupa ya yule anayeitwa Mvulana wa Turkana. Kwa miaka mingi wengi walizijua sifa za wakubwa wake kuliko zake.

Mwezi Agosti mwaka 1831, Sedgwick alifuatana na kijana mmoja katika safari ya kuchunguza miamba kaskazini mwa Wales. Kijana huyo alikuwa Charles Darwin. Aliporejea nyumbani alikuta barua ya kumwalika aabiri meli ya Beagle, na katika safari hiyo iliyomalizika mwaka 1836 akakusanya mawe mengi, kila moja likipewa nambari na kuingizwa daftarini kama alivyofunzwa. Mawe hayo yamo katika makavazi ya Sedgwick. Wengi wanamfahamu Darwin kwa habari za ndege na kobe, na hushangaa kusikia kwamba katika safari ile alijihesabu zaidi kuwa mwanajiolojia.

Darwin alipochapisha kitabu chake kuhusu chimbuko la spishi mwaka 1859, mwalimu wake wa zamani alikipinga vikali, na hakubadili msimamo hadi kaburini. Hivyo basi, mgeni hukuta chini ya paa moja daktari aliyeamini Gharika, profesa aliyekataa nadharia ya mageuko, na mawe ya mwanafunzi aliyeileta nadharia hiyo. Wote watatu waliandika lebo zao vizuri. Ndiyo maana mabishano yao yangali yanaweza kupimwa.

Mbolea iliyofukua mazimwi

Kabla ya kurudi kwa kiboko, yafaa kueleza jinsi mashamba ya Cambridge yalivyogeuka machimbo. Kuanzia katikati ya karne ya 19, wakulima wa eneo hilo waligundua kwamba chini ya udongo wao mlikuwa na vinundu vyeusi vyenye fosfati. Watu walivifikiria kuwa kinyesi cha wanyama wa kale kilichogeuka jiwe, wakavipa jina lenye maana hiyo, na jina likashika ingawa vingi kati yake havikuwa kinyesi hata kidogo. Vilioshwa, vikasagwa, vikatiwa asidi, na kuuzwa kama mbolea. Mkulima wa Trans Nzoia anayelalamikia bei ya mbolea kila msimu wa kupanda ataelewa jinsi watu walivyoyavamia mashamba hayo kwa majembe.

Katika kuchimba, vibarua walikutana na meno, pingili za uti wa mgongo na vipande vya mbawa za watambaazi warukao walioishi miaka milioni 100 hivi iliyopita. Walijifunza upesi kwamba watu wa chuo walikuwa tayari kuvilipia. Mkusanyo mkubwa wa makavazi ukatokana na jasho la watu hao, ambao majina yao mengi hayakuandikwa. Hapo lebo zina pengo. Mahali pametajwa, tabaka limetajwa, lakini mkono ulioshika sururu haukutajwa. Biashara hiyo ilififia kuelekea mwisho wa karne, fosfati ya bei nafuu ilipoanza kuingia kutoka nchi za nje.

Sasa turudi kwa kiboko. Changarawe za Barrington zilikuwa na mifupa ya viboko, ndovu wenye pembe zilizonyooka, vifaru, simba na fisi. Viboko hao walikuwa wa aina ileile tunayoiona leo katika Ziwa Naivasha na Mto Mara. Hili lamaanisha kwamba Uingereza ya wakati huo ilikuwa na majira ya baridi mepesi kiasi cha mito kutoganda, kwani kiboko hawezi kuishi mahali ambapo maji hugeuka barafu kwa miezi. Ulikuwa muda wa joto kati ya vipindi viwili vya barafu. Mifupa kama hiyo imepatikana hata chini ya uwanja wa Trafalgar, katikati ya London.

Umri wake umejulikana vipi? Viboko hupatikana pia katika pango moja la Yorkshire, kaskazini mwa nchi hiyo, ambamo maji yenye chokaa yaliwahi kudondoka na kuifunika mifupa kwa tabaka gumu. Chokaa ya aina hiyo huwa na chembechembe za madini ya urani, ambazo huoza kwa kasi inayojulikana. Kwa kupima kiasi kilichooza, wataalamu walipata umri wa tabaka. Kisha wakalinganisha: kundi lilelile la wanyama, katika matabaka ya hali ileile, ni la wakati uleule. Ulinganisho huo unawezekana tu kwa sababu kuna aliyeandika kwamba mifupa hii ilitoka katika changarawe hizi na wala si zile za jirani, ambazo zina mifupa ya wanyama wa nyakati za baridi kali. Vielelezo viwili vikichanganywa katika sanduku moja bila maandishi, hesabu yote huharibika.

Kuna jambo jingine kuhusu kipindi hicho ambalo mimi hulirejelea mara kwa mara. Hadi sasa hakuna ushahidi kwamba binadamu waliishi Uingereza wakati huo wa viboko, ingawa hapa Afrika watu wenye maumbile kama yetu walikuwa wameishi kwa miaka mingi tayari.

Kwa heshima ya makarani

Kazi ya kuandika lebo haina sifa. Hakuna anayepigiwa makofi kwa kujaza kadi. Hata hivyo, makavazi ya Sedgwick yana mtu mmoja anayestahili kutajwa kwa kazi hiyo, Albert Brighton, aliyekuwa mhifadhi kuanzia mwaka 1931 hadi 1968. Katika muda huo aliorodhesha vielelezo zaidi ya laki tatu, kimoja baada ya kingine, kwa mkono. Katika miaka ya 1970 makavazi hayo yalikuwa miongoni mwa ya kwanza Uingereza kuingiza orodha zao katika kompyuta, na siri ya mafanikio hayo ni kwamba orodha ya kuingizwa ilikuwapo.

Faida yake ilionekana kwingine pia. Kuanzia miaka ya 1960, Profesa Harry Whittington wa Cambridge, pamoja na wanafunzi wake Derek Briggs na Simon Conway Morris, walivichunguza upya visukuku vya enzi ya Kambria kutoka milima ya Canada. Vingi vilikuwa vimelala katika droo mjini Washington tangu viokotwe mwanzoni mwa karne hiyo, vikiwa vimepewa majina ya makundi ya wanyama wanaojulikana. Wao wakaona viumbe wasiofanana na chochote kilicho hai leo. Whittington alipoonyesha mchoro wa kimoja chenye macho matano katika mkutano wa wataalamu mwaka 1972, ukumbi uliangua kicheko. Macho yalikuwa matano kweli.

Mtoto na jiwe mkononi

Programu za elimu za makavazi haya zinaeleweka vyema mtu akijua kwanza mtaala wa Uingereza unasema nini. Tangu mwaka 2014, watoto wa miaka saba na minane katika shule za msingi za umma hufunzwa kuhusu miamba na jinsi visukuku vinavyotokea. Wanapofika miaka 10 na 11 hufunzwa mageuko ya viumbe. Kwa hiyo walimu wana sababu ya kuleta madarasa yao, na makavazi yana sababu ya kujiandaa kuwapokea. Shule huweka nafasi mapema. Mwalimu wa makavazi huwa na vielelezo halisi vilivyotengwa kwa ajili ya kushikwa, na darasa huvipata mikononi badala ya kuvitazama tu nyuma ya vioo.

Ubora wa kipindi cha namna hii hutegemea jambo moja ambalo walimu wengi, hapa na kwingine, hulikosea: jina la jiwe lije mwisho. Mtoto akiambiwa mara moja kwamba hii ni granaiti, huandika neno daftarini na udadisi wake huishia hapo. Akiulizwa kwanza anaona nini, atasema kuna punje zinazometameta, nyingine nyeupe, nyingine nyeusi, na zimeshikana kama kashata. Akipewa jiwe la mchanga atahisi punje zikimtoka kidoleni. Akipewa pumisi, jiwe jepesi la volkano lililojaa matundu, na bakuli la maji, atashangaa kuliona likielea. Tone la siki kwenye unga wa chokaa litatoa povu. Baada ya hapo ndipo maneno miamba moto, miamba tabaka na miamba geu huwa na kitu cha kushikilia akilini.

Kwa familia, kuna shughuli za siku za likizo. Makavazi ya chuo hicho yamekuwa pia yakiandaa jioni moja ya msimu wa baridi ambapo taa hupunguzwa na watoto huja na tochi zao kuzunguka kati ya makabati. Ni wazo rahisi lisilohitaji gharama kubwa, na nadhani lina maarifa ndani yake, kwa kuwa tochi humlazimisha mtoto kutazama kitu kimoja kwa wakati mmoja. Wanafunzi wa jiolojia wa chuo nao wana chama chao, Sedgwick Club, kilichoanzishwa mwaka 1880.

Namna ya kuzuru

Mgeni akipanda ngazi na kuingia, hulakiwa na kiunzi kikubwa cha Iguanodon, dinosaria aliyekula majani. Hicho si mifupa halisi bali ni nakala iliyotolewa kwa kalibu kutokana na viunzi vilivyopatikana mwaka 1878 katika mgodi wa makaa ya mawe wa Bernissart, nchini Ubelgiji. Ilitolewa kama zawadi na Mfalme Leopold wa Pili. Ndiyo, Leopold yuleyule wa Kongo. Naye Sedgwick mwenyewe, ambaye sanamu yake ya shaba imo jumbani akiwa ameshika nyundo, alikuwa mwaka 1835 mmoja wa wadhamini waliopokea fidia ya serikali kwa ajili ya watumwa wa shamba moja la Jamaica, fidia ambayo walilipwa wenye watumwa badala ya watumwa waliokombolewa. Chuo Kikuu cha Cambridge kimeanza katika miaka ya karibuni kuyachunguza mambo hayo waziwazi. Mgeni wa Kiafrika ana haki ya kuyajua anapoingia, na hayamzuii kuendelea na ziara.

Makabati yamepangwa kwa kufuata wakati, hivi kwamba kutembea kutoka upande mmoja kwenda mwingine ni kutembea katika historia ya dunia. Tatizo ni kwamba akili ya binadamu haizoei hesabu kubwa. Iguanodon ana miaka milioni 125 hivi. Kiboko ana miaka 125,000. Ukitazama haraka tarakimu hufanana. Ili kuelewa tofauti, chukulia kwamba hatua moja ndefu ya mita moja ni sawa na umri wa yule kiboko. Mvulana wa Turkana, mwenye miaka milioni 1.5 hivi, atakuwa mita 12 nyuma yako, pengine upande wa pili wa barabara. Iguanodon atakuwa kilomita moja kamili. Nao mwanzo wa dunia, miaka bilioni 4.5 iliyopita, utakuwa kilomita 36, yaani mtu awe amesimama katikati ya jiji la Nairobi na dunia ianze anapokaribia Thika.

Usijaribu kuona vyote. Vielelezo vinavyoonyeshwa ni sehemu ndogo tu ya mkusanyo, na hata hiyo itakuchosha. Chagua kabati tatu au nne, na katika kila moja soma lebo kabla ya kutazama jiwe, kisha utazame jiwe, kisha urudie lebo. Chukua daftari. Waulize wahudumu, kwani baadhi yao wana maarifa makubwa na hufurahia kuulizwa. Thibitisha saa za kufunguliwa kwenye tovuti kabla ya kusafiri, maana hubadilika kulingana na siku na msimu. Aliye Kenya naye hajafungiwa nje, kwa kuwa sehemu ya orodha za makavazi hayo hupatikana kwa intaneti.

Rafu moja darasani

Mwalimu wa jiografia wa shule ya kutwa huko Migori au Taita hana uwezo wa kupeleka darasa Cambridge, na si lazima. Nchi hii ina mawe ambayo Waingereza wangeyatamani. Kuna jiwe la sabuni la Tabaka linalochongwa na mafundi wa Kisii. Kuna kioo cheusi cha volkano kutoka maeneo ya Naivasha, ambacho watu wa kale walikitumia kama kisu. Kuna unga mweupe wa Kariandusi, karibu na Gilgil, uliotokana na magamba ya mimea midogo isiyoonekana kwa macho iliyoishi katika ziwa lililokauka. Kuna matofali ya matumbawe ya machimbo ya Kilifi, ya aina ileile ya jiwe lililojengewa Fort Jesus, ambayo mara nyingi huwa na kombe nzima ndani yake. Hata kokoto zinazomwagwa nje ya shule kwa ajili ya ujenzi zina historia ya kusomwa.

Rafu moja na kadi chache zatosha kuanzia. Kila jiwe lipewe nambari iliyoandikwa juu yake kwa rangi isiyofutika, na kadi yenye nambari hiyohiyo: mahali lilipotoka kwa usahihi wa kijiji au machimbo, tarehe, jina la aliyelileta, na kama lilitolewa ardhini, kina chake. Jina la jiwe laweza kuachwa wazi hadi lijulikane. Mawe yasitolewe katika mbuga za wanyama wala maeneo yaliyohifadhiwa.

Visukuku na zana za kale ni habari nyingine. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha namna hiyo kutoa taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya katika muda wa siku saba, akieleza mahali hasa alipokipata na jinsi alivyokipata. Kuchimba bila leseni, au kukitoa nje ya nchi bila kibali, ni kosa. Aliyekutana na mfupa uliogeuka jiwe katika korongo la Turkana au Baringo afanye hivi: asiung'oe, aupige picha ukiwa palepale, aweke alama ya kudumu karibu nao, aandike tarehe na majina ya mahali kama wenyeji wanavyopaita, kisha apeleke habari kwa ofisi ya makavazi iliyo karibu.